Pointi zimetimia, sasa tusome

Muda wa kuhuisha leseni, ambao hudai pointi za mafunzo ya kujiendeleza, ukikaribia, kundi letu la simu la wanataaluma wa dawa hugeuka soko. "Jamani, nani ana linki ya semina yenye pointi?" "Ipo ya leo usiku, ingia tu, kamera si lazima." "Hii ina maswali mwishoni, lakini ukikosea inakurudisha mpaka upate." Watu wazima waliokesha na kemia ya dawa miaka ile ya chuo wanagombea pointi kama abiria wa basi la mwisho. Semina inafunguliwa kwenye kompyuta ya kaunta, sauti imezimwa, mhusika anaendelea kuhesabu vidonge, na jioni cheti kinaingia kwenye barua pepe kikithibitisha kwamba amepata ujuzi wa kisasa wa kudhibiti shinikizo la damu.

Sizidharau pointi. Bila kusukumwa, wengi wetu tungeishia kusoma kikaratasi cha ndani ya boksi, tena macho yakiruhusu. Ninachogombana nacho ni kile kinachohesabiwa, yaani saa za kukaa. Shirikisho la Kimataifa la Famasia, FIP, lilitoa tamko mwaka 2002 likisema kujiendeleza ni jukumu la mfamasia mwenyewe: ajipime, apange, asome, kisha aangalie kama kuna kilichobadilika kwenye kazi yake. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo cheti cha barua pepe hakiwezi kuiona.

Na nina ubishi mwingine, ambao wenzangu wameshauchoka. Naona kazi ya kwanza ya mafunzo haya ni kutupunguzia kabla ya kutuongezea. Dawa nisiyoijua hainitishi, kwa sababu kutoijua kwenyewe kutanipeleka kitabuni. Ninachokiogopa ni kile nilichokijua vizuri, kikanipatia alama za juu kwenye mtihani, halafu wanaoandika miongozo wakakiacha bila kunipigia simu.

Chukua pumu. Kizazi changu kilifundishwa kwamba mgonjwa mwenye pumu nyepesi anaanza na pampu ya salbutamol peke yake, ile ya kuvuta kifua kikibana, na akizidiwa ndipo anaongezewa pampu ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, ukaliondoa daraja lile la chini: mtu mzima, au kijana wa miaka 12 na kuendelea, asitibiwe kwa salbutamol pekee. Lazima steroidi ya kuvuta iwemo, hata kama ni ile iliyochanganywa na formoterol, dawa ya kutanua njia za hewa, ambayo anaivuta pale tu anapobanwa. Salbutamol inalegeza misuli ya njia za hewa, mtu anapumua, anashukuru, anaondoka. Uvimbe ulioko ndani ya njia hizo haujaguswa. Ile nafuu ndiyo inayomdanganya. Mwongozo huo unaonya kwamba anayemaliza pampu 3 au zaidi za salbutamol kwa mwaka ana hatari kubwa zaidi ya kushikwa vibaya, na anayefikisha 12 hatari yake ya kufa imepanda.

Sasa, ni nani anayeiona hesabu hiyo? Daktari anamwona mgonjwa kwa nadra. Anayemwona akirudi kuchukua pampu nyingine ni sisi, na mara nyingi ni mteknolojia wa dawa aliyesimama dirishani, ambaye kwenye semina ya pumu hakualikwa.

Semina iliyonigeuza kwenye jambo hili haikuwa na profesa. Mwezeshaji aligawa pampu za kujifunzia zisizo na dawa, za aina mbalimbali, akasema kila mtu amwonyeshe jirani yake jinsi ya kutumia. Chumba kilichojaa watu wanaowaelekeza wagonjwa kila siku kikaanza kucheka kicheko cha aibu. Mmoja alivuta pampu ya unga polepole, kwa utulivu wa kupendeza, na unga ukabaki humo humo. Mwingine aliitikisa kwa nguvu pampu isiyotaka kutikiswa. Ile ya gesi unaitikisa, unatoa pumzi, unabonyeza huku ukivuta polepole na kwa kina, kisha unaibana pumzi kama sekunde 10. Ile ya unga unatoa pumzi pembeni, mbali na kifaa, halafu unavuta kwa nguvu na kwa haraka. Anayehama kutoka moja kwenda nyingine bila kufundishwa anabeba mazoea ya ile ya kwanza. Nilipotoka pale niliacha kumuuliza mgonjwa, "Unajua kuitumia?" Kila mtu anajua. Siku hizi namwambia, "Mama, hebu nionyeshe unavyovuta," na majibu yenyewe yananiambia ni wapi pa kuanzia.

Mengine ya kuondoa kichwani yanapita haraka zaidi. Ranitidine, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa jibu letu la kwanza kwa kiungulia, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliwataka watengenezaji Aprili 2020 waiondoe yote sokoni, baada ya kuonekana kwamba NDMA, kemikali inayodhaniwa kusababisha saratani, huongezeka ndani ya dawa hiyo kadiri inavyokaa, na zaidi ikikaa kwenye joto. Wapo wanaoiulizia hadi leo, tena kwa mapenzi. Ukimhamishia mtu kwenye omeprazole, uliza kwanza kama anatumia clopidogrel, maana omeprazole inazuia kimeng'enya kinachoiamsha dawa hiyo ya kuzuia damu kuganda. Kodeini, dawa ya maumivu na kikohozi, kwa watoto nayo imekwenda: tangu 2017 FDA inasema asipewe mtoto chini ya miaka 12. Mwili hugeuza kodeini kuwa mofini kupitia kimeng'enya CYP2D6, na wapo watu ambao kimeng'enya hicho kinafanya kazi kwa kasi kupita kiasi. Watoto wawili, uzito mmoja, dozi moja. Mmoja hapati usingizi kwa kikohozi, mwingine anashindwa kupumua. Kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Hayo yote unaweza kuyasikia kwenye mhadhara na usiyatumie kamwe. Ninaloliamini mimi ni kesi. Si ile ya kubuni yenye "mgonjwa wa miaka 45 asiye na historia yoyote", bali karatasi mbili za dawa zilizowekwa mezani, kutoka kliniki mbili zisizosalimiana. Kliniki ya kwanza imeandika dolutegravir, kwa sababu mgonjwa anaishi na VVU. Kliniki ya pili imeandika metformin gramu moja asubuhi na jioni, kwa sababu ana kisukari. Kila karatasi peke yake haina kosa. Ziweke pamoja: dolutegravir inabana njia ambazo figo hutumia kuitoa metformin, kiwango chake kwenye damu kinapanda, na ushauri uliopo ni kwamba jumla ya metformin isizidi miligramu 1000 kwa siku. Halafu mgonjwa anataja, kama kitu cha kando, kwamba anakunywa pia vidonge vya madini ya chuma kwa sababu ya upungufu wa damu. Chuma na kalsiamu huikamata dolutegravir tumboni isifyonzwe vizuri, kwa hiyo aimeze dolutegravir saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake. La sivyo avimeze pamoja, lakini akiwa anakula.

Niliwahi kuona kesi kama hii ikiwekwa mbele ya kundi dogo la wafamasia na wateknolojia, na mwezeshaji akakaa kimya. Kimya kirefu, cha kuudhi. Mfamasia mmoja akataja metformin mara moja. Aliyeuliza, "Kwani hakuna kingine anachomeza nyumbani?" alikuwa mteknolojia kijana ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi. Kuna kujifunza kunakotoka kwenye swali la mwenzako ambako slaidi haiwezi kukupa.

Hapa nigeukie uchaguzi wa mada, kwa sababu ndipo tunapojidanganya kwa heshima kabisa. Wote tunaambiwa: jipime, tambua upungufu wako, chagua mafunzo. Mwaka 2006 jarida la JAMA lilichapisha mapitio ya tafiti zilizolinganisha jinsi madaktari wanavyojipima wenyewe na jinsi wanavyopimwa na watu wengine. Katika ulinganisho mwingi uhusiano ulikuwa mdogo, au haukuwepo, au ulikwenda kinyume, na katika baadhi ya tafiti waliokosea zaidi kujipima walikuwa wale wenye ujuzi mdogo zaidi na wale waliojiamini zaidi. Sioni kwa nini sisi wa dawa tuwe tofauti. Ukiniachia nichague, nitachagua shinikizo la damu na moyo hadi nistaafu. Napenda mada hizo, nazielewa, na ninapotoka kwenye semina yake najisikia msomi. Macho nayakwepa. Ngozi pia.

Ndiyo maana nimepatana na mfanyakazi mwenzangu, mfamasia wa hospitali ambaye hana subira na porojo: yeye ananichagulia mada, mimi namchagulia. Wazo si letu. Mfumo wa kuthibitisha sifa ulioanza Uingereza mwaka 2018 unataka kila mfamasia na mteknolojia, pamoja na kumbukumbu zake 4 za kujifunza kwa mwaka, awe amekaa na mwenzake kuijadili kazi yake. Nilipousoma mara ya kwanza niliona ni urasimu tu. Siku hizi naona kipengele hicho kina uzito kuliko vingine vyote, kwa sababu mwenzako anajua ni wagonjwa gani huwa unampasia.

Kuhusu namna ya kusoma, nitasema moja tu. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walisoma matini fupi. Wengine wakairudia kuisoma, wengine wakaifunga na kuandika walichokikumbuka. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, walioandika kwa kukumbuka wakawaacha wenzao. Maswali yanayokuja dakika ileile semina inapoisha, basi, yanapima saa ambayo hata aliyesinzia nusu anaweza kufaulu. Ningekuwa na mamlaka ningeyatuma wiki iliyofuata. Kwa kuwa sina, baada ya semina nafunga kila kitu na kuandika nitakachomwambia mgonjwa, kwa maneno ambayo mgonjwa angeyatumia. Nisichoweza kukiandika hivyo sijakielewa, hata kama cheti kimeshafika.

Semina za kampuni za dawa je? Naenda. Mfuko wa begani nachukua, kalamu pia, sijioni mtakatifu. Ila nasikiliza mambo mawili. La kwanza, mzungumzaji anaitaja dawa kwa jina la kiambato chake au kwa jina la biashara? La pili, anaposema dawa "imepunguza hatari kwa asilimia 50", nauliza kutoka ngapi kwenda ngapi. Kutoka wagonjwa 2 katika 100 hadi 1 katika 100 ni asilimia 50. Kutoka 40 hadi 20 ni asilimia 50 pia. Swali hili halina ukali wowote na ukumbi huwa unalifurahia, isipokuwa mtu mmoja pale mbele.

Kinachonikera kweli ni wateknolojia kuachwa nje. Wafamasia tunakwenda kujadili vimeng'enya, na yule anayekabidhi dawa mkononi mwa mtu anabaki kulinda dirisha. Mfano ni kuharisha kwa watoto. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja mwaka 2004: ORS mpya yenye chumvi na glukosi pungufu kuliko ile ya zamani, pamoja na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Hakuna kemia ngumu hapo. Ugumu ni mzazi aliyesimama mbele yako akidai dawa ya kufunga tumbo, au antibayotiki, maana ORS kwake ni maji tu. Mtu anayepaswa kufundishwa jinsi ya kuyajibu mazungumzo hayo ni yule anayekutana nayo, na afundishwe kwa kuigiza, mmoja awe mzazi mwenye haraka, mwingine awe mtoa dawa mwenye foleni. Nusu saa ya mazoezi hayo, kazi zikiwa zimepungua, inatosha kuanzia. Pointi haina. Tumeanza hivyo hivyo.

Na sasa zamu yangu. Mwenzangu amenichagulia, bila huruma, matone ya macho. Nimeshapata kwamba matone ya aina mbili yaachane angalau dakika 5, kwamba marhamu inatiwa mwisho, na kwamba kubana kona ya ndani ya jicho kidogo baada ya kudondosha kunapunguza dawa inayopita kwenda puani na kuingia kwenye damu. Hili la mwisho nilidhani ni urembo wa vitabuni mpaka nilipofika kwa timolol, tone la presha ya macho ambalo likiingia kwenye damu linaweza kumbana kifua mtu mwenye pumu. Ijumaa namfundisha mwenzangu bila kushika karatasi. Mimi nimempa ngozi, na steroidi za kupaka kwa makundi yake ya nguvu, yote.