Tumeulaza mti

Leo tarehe 7 Januari tumeulaza mti wa Krismasi. Mama hasemi kukunja wala kufungasha, husema kuulaza, na kwake hauguswi mpaka Epifania ipite. Mimi na binti yangu tumelifuata neno hilo na siku hiyo.

Ni mti wa plastiki wa futi 6, vipande vitatu na miguu ya chuma. Mama aliununua Kariakoo Desemba 2011, akapanda nao daladala, boksi amelipakata mpaka nyumbani. Zamani tulikata tawi la mvinje na kulisimamisha kwenye ndoo ya mchanga; Mwaka Mpya ukifika lilikuwa limeshapukutika, tunalitupa. Huu wa Kariakoo ndio ulikuwa wa kwanza kututaka tuutunze.

Mama alipohamia kijijini Marangu akaniachia. Mwaka wa kwanza niliuweka darini, na mpaka leo inaniuma. Bati la Dar likishika jua la Februari, huko juu ni tanuri. Plastiki hulegea kwa joto, ikipoa inabaki vile ilivyolala. Desemba tulipoushusha, upande mmoja ulikuwa bapa kama mkeka, na panya walikuwa wametafuna nyaya za taa. Nilikaa nao usiku mzima na draya ya nywele, joto la chini, nikinyoosha vijitawi kimoja kimoja kwa vidole. Ulirudi, ila si wote. Upande ule sasa tunauelekeza ukutani.

Tangu hapo unalala mvunguni mwa kitanda changu, ambako hakuna joto la bati na ninaweza kuukagua. Vipande vikishatenganishwa, kusafisha tunaanzia kileleni. Kila tawi tunalifuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, tunaliachia feni likauke kabisa, kisha tunalikunja kuelekea juu, kufuata bawaba zake. Tunafunga kwa vipande vya khanga iliyochakaa. Kamba ya nailoni inakata majani. Taa tunazizungusha kwenye kipande cha boksi, tukianza na upande usio na plagi, ili mwakani plagi iwe nje tuzijaribu kabla ya kuzifungua. Ndani tunatia soksi yenye vipande vya mkaa. Masika yakija na unyevu wake, mkaa unanyonya kiasi.

Mwaka huu boksi lenyewe limekufa. Selotepu ilikuwa imeshika selotepu miaka mingi, leo pembe zote zimeachia kwa pamoja. Nimenunua mfuko wa shangazi kaja, mkubwa, wenye zipu, na mti umeingia bila kulazimishwa. Kutupa boksi ndiko kulikonishinda. Juu ya kifuniko, kila Januari, aliyeulaza mti ameandika mwaka na jina lake kwa maka peni. Mwandiko wa juu kabisa ni wa baba, 2012, herufi zake zilizolala kulia, na chini yake ameongeza: “Kipande cha kati kinaanza kutoka.” Baba hayupo sasa. Kila mwaka bado tunaanza na kipande cha kati kwa sababu yeye aliandika hivyo.

Nimekikata kifuniko kwa kisu, taratibu, nikapunguza kingo zilizochanika. Binti yangu ameandika jina lake kwenye nafasi iliyobaki. Tumekilaza juu ya matawi, maandishi yakitazama juu, tukafunga zipu na kuusukuma mfuko mpaka ukutani.

Jioni mama akapiga simu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mmeulaza?”

“Tumeulaza.”

“Miguu mmeipaka mafuta? Itashika kutu hiyo.”

Nikampa binti yangu simu aendelee kuongea na bibi yake, nikapiga magoti, nikauvuta mfuko.