Mvua ya kwenye redio na samaki wa shangazi: nilivyoandika ripoti yangu ya utafiti

Mwaka wa mwisho wa diploma yetu ya utayarishaji wa vipindi tunatakiwa kufanya vitu viwili, kazi ya mikono yaani kipindi chenyewe, afu na ripoti ya utafiti inayohusu ile kazi. Wengi wanamaliza kipindi kwanza ndo wanakaa chini kuandika ripoti, na mi nilipanga hivohivo mpaka nilipompelekea Madam anayenisimamia kichwa changu cha kwanza. Kilikuwa "Mchango wa michezo ya redio katika kuelimisha jamii Tanzania". Akakisoma, akavua miwani, akaniuliza: mwanangu, jamii ipi? Mchezo upi? Na utajuaje kama imeelimika? Sikuwa na jibu hata moja. Akaniambia nirudi Jumatatu na swali moja tu, sio kichwa cha habari, swali, na liwe ni kitu ambacho naweza kukijibu kwa miezi mitatu, nauli ya daladala na simu niliyonayo.

Wikiendi nzima nikakaa Tandika kwa shangazi na daftari. Nikajiuliza kwenye kutengeneza mchezo wa redio mi huwa nakwama wapi? Sio kwenye hadithi, hadithi zipo. Nakwama kwenye sauti za matukio. Msikilizaji haoni chochote, kwaiyo mlango ukifunguka, gari likipita, chai ikimiminwa, yeye anategemea sikio tu, na sisi watayarishaji tunachukulia kirahisi kwamba ameelewa. Swali likaja lenyewe: je, msikilizaji anaitambua sauti ya tukio kwa kuisikia tu, au mpaka mhusika aseme kitu kinachomsaidia? Jumatatu Madam akasoma mara mbili akasema haya sasa unaweza kuanza.

Mapitio ya maandiko nilikuwa nayaogopa kuliko kitu chochote, nilidhani ni kurundika tu majina ya watu na miaka. Lakini ukiwa na swali moja unajikuta unasoma kwa kutafuta kitu. Nilisoma historia ya redio yetu, kuanzia Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, ikaja kuwa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, ikawa RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, mwaka 1965, na jinsi michezo ya redio ilivyokuwa inakusanya watu. Ukiwauliza wazee wa mtaani kwetu kuhusu Pwagu na Pwaguzi uso unabadilika kabisa, wanaanza kukusimulia. Ila kilichonisaidia hasa ni mchezo wa Twende na Wakati ulioanza RTD mwaka 1993, ule wa dereva wa lori anaitwa Mkwaju, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Watafiti waliutumia kwa namna ambayo mi niliisoma huku nimesimama. Mchezo ulirushwa sehemu kubwa ya nchi, lakini eneo la mtambo wa kurushia matangazo wa Dodoma halikupata ule mchezo mpaka mwaka 1995, wao walisikia vipindi vingine. Kwaiyo watafiti wakawa na watu waliosikia na watu ambao hawajasikia, wakaweza kulinganisha, na baadae Dodoma nao wakapewa.

Hapo ndo nikaelewa methodolojia, yaani njia ya kufanya utafiti, ni nini. Tulifundishwa darasani semista nzima lakini haikuingia. Mi sina mtambo wa Dodoma, ila naweza kutengeneza matoleo mawili ya mchezo uleule, toleo A ambalo wahusika wanataja kinachotokea na toleo B ambalo hawataji, sauti inaachwa ijitegemee. Halafu nawapa watu tofauti wasikilize. Basi. Utafiti mzima ukakaa kwenye sentensi mbili, na kila nilipopotea baadae nilikuwa narudi kwenye hizo sentensi mbili, nilizibandika ukutani juu ya kitanda.

Mchezo ulikuwa wa dakika sita, mama na binti yake, nguo ziko kwenye kamba, baba anarudi safari. Sauti tano: honi ya daladala, geti la bati, chai inamiminwa kwenye kikombe, mvua inaanza, na viatu kwenye tope. Studio ya chuo foleni yake ndefu, kwaiyo maongezi tulirekodia chumbani kwa shangazi usiku. Tulitundika mablanketi mawili kwenye kona, feni tukazima, friji la sebuleni tukaomba lizimwe pia maana ule mngurumo wake huusikii mpaka uvae hedifoni. Usiku wa manane ndo muda pekee ambao bodaboda wanapungua, na tulikuwa na kama masaa matatu tu kabla ya adhana ya alfajiri na majogoo. Kitu kimoja naomba kila anayeanza asikiache: kabla hamjaanza kuigiza, wote nyamazeni, rekodi ukimya wa hicho chumba nusu dakika. Ule ukimya una sauti yake, na wakati wa kuediti ukikata sentensi ukaacha pengo tupu sikio linashtuka, lakini ukijaza na ukimya wa chumba kilekile hakuna anayejua.

Mvua niliirekodi mwezi wa nne, masika yamekolea. Nikaweka simu dirishani, bati linapigwa kwelikweli, nikajua hii imekaa. Kuja kusikiliza kwenye kompyuta ni kelele tupu, kama redio ambayo haijashika stesheni! Nikarudia siku tatu, dirishani, uani chini ya mwembe, hata kwenye ndoo iliyogeuzwa. Sababu nilikuja kuielewa kwa kusoma: mvua kubwa ni matone mengi mno kwa wakati mmoja, sauti za juu na za chini zote zinachanganyika, na mchanganyiko wa namna hiyo ndo uleule wa redio isiyoshika stesheni. Afu simu nyingi zina tabia ya kujirekebisha zenyewe, sauti ikizidi zinaishusha, zikidhani ni kelele za nyuma zinaifuta, zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeongea sio mvua. Niliandika yote hayo kwenye daftari siku hiyohiyo, saa, mahali, simu iliwekwa wapi, ilisikikaje. Na hapa ndo nakuja kwenye daftari.

Hilo daftari ndo lililoandika ripoti. Madam alinilazimisha toka wiki ya kwanza, kila ukigusa mashine andika mistari mitatu, ulitaka nini, umefanya nini, kimetokea nini. Kuna usiku nilikuwa nimechoka nataka kulala lakini naandika. Wenzangu walipofika kwenye sura ya tatu, ile ya kueleza ulifanyaje utafiti, walikuwa wanajaribu kukumbuka mambo ya miezi miwili nyuma, wanaandika "nilirekodi sauti kwa kutumia vifaa vya kisasa" wanaishia hapo, mi nilikuwa nachagua tu kipi niingize na kipi niache. Na laptopu ilivyokuja kuzima na kugoma kuwaka wiki mbili kabla ya dedilaini, rasimu ilipotea lakini daftari lilikuwepo, niliandika upya sura nzima kwa siku nne kwenye kompyuta ya kuazima.

Duru ya kwanza ya wasikilizaji niliiharibu mwenyewe. Nilikuwa na barua ya utambulisho ya chuo, nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, nikawafuata kina mama wa kikoba siku yao ya kukutana, wakanipokea vizuri kweli. Nikawawekea toleo B kwenye spika, wote kumi na mbili kwa pamoja. Ilivyofika kwenye mvua nikasimamisha nikauliza, hapo mmesikia nini? Kabla sijamaliza sentensi mama mmoja, mwenye sauti nzito, akasema "wanakaanga hao". Baada ya hapo wote: ndiyo, wanakaanga. Aliyekuwa amefungua mdomo kusema kingine akaufunga, nilimwona kabisa. Nikajua hapa sijapata majibu ya watu kumi na mbili, nimepata jibu la mtu mmoja na adabu ya watu kumi na moja.

Nililia njiani, kusema kweli. Nikamwambia Madam nimeharibu data, na watu wenyewe wameshasikia siwezi kuwarudia. Akanijibu hujaharibu, umegundua, iandike kama ilivyo kwenye mapungufu, eleza kwa nini umebadilisha njia, afu tafuta watu wengine. Basi nikaanza upya na hedifoni, mtu mmojammoja, kumi na wawili toleo A na kumi na wawili toleo B. Kijiweni kwa bodaboda ilinichukua siku tatu maana abiria akija mtu anavua hedifoni anaondoka, unasubiri. Kila mtu nilimweleza kwanza kwamba jibu lake narekodi, jina lake siandiki, na akitaka tuache tunaacha. Toka ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022 hili sio jambo la kupita juujuu, na hata bila sheria sauti ya mtu ni ya kwake.

Matokeo sasa. Honi na geti hazikuwa na tofauti, makundi yote mawili walizitambua, mtu wa Dar honi ya daladala anaijua hata akiwa usingizini. Chai wachache walikosea. Mvua ndo ilikuwa ajabu: toleo A, pale ambapo mama anasema "anua hizo nguo, harakaharaka!", watu kumi na mmoja kati ya kumi na wawili walisema mvua. Toleo B walikuwa watatu tu! Wengine walisema mafuta ya kukaangia, wengine wakasema redio inakoroma. Mvua ileile, faili lilelile. Na angalia, kwenye toleo A hakuna aliyetamka neno mvua, mama kasema kuanua nguo tu na sikio likamalizia.

Kitu kingine sikukipanga kabisa. Watu hawakujibu kwa majina ya vitu tu, walijibu kwa tanakali za sauti. "Pale palipofanya chwaaa." "Ile pwata pwata ya viatu." "Imelia nya, kama mlango mbovu." Chuo chetu ripoti inaandikwa Kiingereza, mahojiano yangu yote Kiswahili, na nikajaribu kutafsiri chwaaa nikaona naua kila kitu. Pwata pwata ya tope utaipa neno gani? Nikaamua kwenye jedwali niweke safu ya maneno ya msikilizaji kama alivyoyatamka, na maelezo pembeni. Nilikuwa na hofu wataona ni utoto, lakini hiyo safu ndo iliyonionyesha kitu: waliosema "chwaaa" ndo waliojibu mafuta, waliosema "shhh" ndo waliojibu redio mbovu. Yaani tanakali ilishaamua jibu kabla ya jibu. Nadhani sisi wenye lugha hii tuna utajiri hapo ambao watu wa sauti hatujautumia ipasavyo, na naumia nikiona ripoti za wenzangu zimeusafisha wote.

Basi nikamkumbuka yule mama wa kikoba. Kama mvua inasikika kama mafuta, mafuta je? Nilishasoma kwamba mafundi wa redio za Uingereza walikuwa wanagonganisha vifuu vya nazi kupata kwato za farasi, kwaiyo kudanganya sikio ni sehemu ya kazi yetu toka zamani. Jumamosi shangazi karudi soko la samaki la Feri na vibua, kaweka karai kwenye mkaa, nikamwomba nisogeze maiki. Akaniuliza "we mtoto unataka kurekodi samaki?" Nikamwambia ndiyo shangazi. Kibua cha kwanza kinapoingia mafuta yanalipuka, chaaa, afu yanatulia taratibu yanabaki matone matone ya kupasuka, kama mvua inavyokuja kwa kishindo halafu inashika mwendo. Ukaribu ni kitu, maiki ikiwa mbali inakuwa kelele, ikiwa kama shubiri mbili unasikia kila tone peke yake. Nikaweka hiyo badala ya mvua ya kweli, na sentensi ya kuanua nguo palepale, nikawapa wasikilizaji wapya wanane. Wote wanane walisema mvua.

Kuandika nilianzia sura ya tatu, sio ya kwanza, kwa sababu nilichofanya nakijua. Afu ya nne, ya matokeo, afu nikarudi utangulizi nikiwa najua naelekea wapi. Mahojiano ya dakika ishirini yananila masaa mawili kuyaandika neno kwa neno, hilo lipangie muda na bando la kutosha. Madam alirudisha rasimu mara tatu, na kila mara alikuwa anapiga mstari maneno yangu makubwamakubwa, "utafiti huu umethibitisha", anaandika pembeni: watu wangapi? Kwaiyo nikawa naandika kumi na mmoja kati ya kumi na wawili, wa Tandika, kwa sauti hii, na sentensi zikawa fupi na za kweli.

Siku ya difensi, ya kuitetea ripoti mbele ya walimu, mwalimu mmoja aliniuliza kwa nini nisingedaka mvua nzuri kwa maiki nzuri, nikajibu ningeweza, lakini swali langu lilikuwa sikio la msikilizaji, na sikio maiki hailitengenezi. Waliniomba niwasikilizishe matoleo yote matatu, na nikayaweka.

Jioni hiyo nilimsikilizisha shangazi toleo la mwisho, alikuwa hajalisikia. Alivyofika pale akasema hiyo mvua ni ya siku ile barabara ilipojaa maji ee? Nikamwambia shangazi, hao ni vibua vyako vya Jumamosi. Akanyamaza, akasema rudisha nyuma. Nikarudisha. Rudisha tena. Ripoti iko maktaba ya chuo, nakala mbili, na fleshi yenye sauti zote imebandikwa kwenye bahasha nyuma ya jalada, faili namba tatu ndo karai.