Jagi, saa na mizani

Kigoma, usiku, mwanzoni mwa Oktoba

Ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo bado imefichwa na moshi wa kiangazi, ila joto la mchana linasema mvua iko njiani. Kwa zahanati ya mwaloni, mvua za kwanza ni kuhara. Zinasomba uchafu wa vyoo vilivyojaa na wa vichakani, zinaumwaga ziwani, na asubuhi yake ndoo zilezile zinachota maji palepale. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Mei 2015 kule Kagunga, kijiji cha mpakani kilipofurika wakimbizi kutoka Burundi, kila mtu wa huku aliona kinavyokwenda mbio.

Jioni ya leo ilikuwa ya kukagua vifaa. ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayehara, ipo; zinki ipo, dawa mseto ya malaria ipo. Kilichokosekana ni jagi la lita moja lenye alama na betri ya saa ya ukutani. Watu wakisikia zahanati ya uswahilini inayumba huwaza daktari na dawa. Mara nyingi inayumba kwa kukosa kitu cha kupimia, tena cha shilingi elfu chache.

Chukua ORS. Pakiti ya kawaida ni ya lita moja ya maji safi (zipo za nusu lita, kwa hiyo isomwe kwanza). Nyumbani jagi hakuna, kuna chupa za maji ya dukani. Ile kubwa iliyozagaa kila kona ni ya lita moja na nusu. Ukichanganyia humo, dawa inakuwa nyepesi. Ile ndogo ya nusu lita ni hatari zaidi, kwa sababu chumvi inazidi. Mtoto anakunywa na kiu inapanda, na ikizidi sana anaweza kupata degedege. Kisha mama anarudi: "Dokta, nimempa yote, mbona analilia maji tu?" Ukimwuliza alichanganya katika nini, anakuonyesha kichupa.

Dawa yake ni kutomkabidhi pakiti dirishani na kumwita anayefuata. Mpe chupa mbili za nusu lita zilizojaa, azimimine kwenye sufuria safi, atie pakiti nzima, akoroge mwenyewe ukimwangalia. Wapo wanaoigawa pakiti nusu leo, nusu kesho. Haifai, maana ule unga haukuchanganyika sawasawa humo ndani: chumvi yaweza kubaki upande mmoja na sukari upande mwingine. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe.

Mtoto aliyeanza kuishiwa maji hupewa mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4, hapo hapo kwenye benchi la zahanati. Wa kilo 10 ni mililita 750, yaani chupa ndogo moja na nusu. Kijiko kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, endelea polepole zaidi. Ila aliyelegea kabisa, asiyeweza kunywa, huyo si wa kijiko: ni dripu na rufaa, bila kungoja. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, nusu yake kwa wa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Siku ya tatu kuhara kumekata, vidonge vinawekwa juu ya kabati.

Hesabu yote hiyo inaning'inia kwenye mizani, na mizani ya kuning'iniza hudanganya kimyakimya. Kile kikaptula cha kubebea mtoto kitundikwe kwanza kikiwa kitupu, ndipo mshale urudishwe kwenye sifuri. Sweta na kofia vivuliwe. Kwenye dawa mseto, mtoto wa kilo 14 anameza kidonge kimoja kila dozi, wa kilo 15 anameza viwili. Sweta la bibi linatosha kumvusha mstari.

Saa nayo. Kipimo cha haraka cha malaria husomwa baada ya dakika 15 au 20, kama boksi lake linavyoelekeza. Foleni ikiwa ndefu, mtu anachungulia dakika ya tano, anaandika hasi, mtoto anarudi nyumbani na vimelea vyake. Au kinasahaulika saa nzima na kinaonyesha mstari ambao hautakiwi kuaminiwa. Kuandika kwa kalamu juu ya kipimo chenyewe saa ya kudondosha tone kunaokoa mengi. Mstari hafifu ni mstari. Mstari wa uhakiki, ule unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, usipotokea, rudia na kipimo kipya.

Jiki, yaani maji ya klorini, ya asilimia 3.5: kikombe kimoja kwa vikombe 6 vya maji kinatoa asilimia 0.5, ya sakafu na vyombo. Chukua kikombe kimoja cha hiyo, ongeza 9 vya maji, unapata ya mikono. Maji ya ziwa yaliyotibuka hula klorini, kwa hiyo yatulie na kuchujwa kwa kitambaa kwanza. Ndoo zifunikwe, zikae kivulini, na zibadilishwe kila siku. Na ziandikwe, kwa sababu anayenawa kwenye ndoo ya sakafu ngozi yake itamwambia.

Leja ya dawa pia hupunja. Dawa ikiwa imetoka 400 katika siku 60, lakini rafu ilikuwa tupu siku 20, matumizi halisi si 400. Ni 400 mara 60, gawanya kwa 40: 600. Anayeagiza 400 anaagiza upungufu uleule wa mara iliyopita, halafu anailaumu bohari.

Kesho: majagi mawili, betri, rangi nyekundu ya ndoo. Jokofu la chanjo lina usiku wake.