Jezi ya Utepe

Jumatatu, 22 Desemba 2025

Leo kazini nimepewa pole kama niliyefiwa. "Pole na timu yako," kanambia mwenzangu kabla hata sijaweka mkoba. Nikamjibu nimeshapoa, nikawasha kompyuta, nikafungua faili la Ijumaa. Zikapita dakika kumi ndipo nikajiuliza: timu yangu tangu lini?

Jana usiku Komoro wamefungwa 2-0 na Morocco, mjini Rabat, mechi ya ufunguzi ya AFCON. Mimi nimezaliwa Unguja, nimesoma Unguja, paspoti yangu ni ya Tanzania, na Moroni sijawahi kutia mguu. Kesho Taifa Stars wanacheza na Nigeria na nitawashangilia kwa sauti ileile, maana Fei Toto ni mtoto wa hapahapa. Lakini pole ya leo niliipokea kwa moyo mmoja. Uongo haufai kwenye shajara: jana saa nne usiku, kipa Yannick Pandor alipoizuia penalti ya Soufiane Rahimi, nilipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mngazija, mtu wa kisiwa cha Ngazija, Komoro. Tukimwita Koko, na mpaka nafika darasa la tatu nilidhani Koko ni jina lake, kumbe kwao ndiyo "bibi". Aliletwa Unguja na jahazi angali mtoto, hakurudi tena. Kiswahili chake kilikuwa cha hapa, ila akipewa kitu alisema "marahaba", nasi wajukuu tukicheka: nani kakuamkia, Koko? Kwao marahaba ndiyo ahsante. Nimekuja kuyajua hayo ameshazikwa.

Skuli "Mngazija" lilikuwa neno la kutaniwa, na utani ule haukuwa mtupu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wangazija wa Unguja waliambiwa kuwa si raia, wakatakiwa waombe uraia kama wageni, hata waliozaliwa hapa na baba zao kuzaliwa hapa. Koko hakupenda kulizungumza hilo. Alikuwa na bahasha ya kaki chini ya godoro, na alipofariki ndipo Mjomba akaifungua: karatasi, mihuri, picha ya mwanamke kijana aliyekaza macho. Alihangaika kweli kuthibitisha kuwa yeye ni wa hapa. Leo mjukuu wake anapokea pole za Komoro ofisini na kuitikia. Sijui angesemaje.

Sasa mpira. Komoro wameingia FIFA mwaka 2005 tu, nchi ya watu wasiofika milioni moja, visiwa vitatu: Ngazija, Nzwani na Mwali. Cha nne, Maore (Mayotte), wanakihesabu chao lakini bendera inayopepea kule ni ya Ufaransa. Miaka mingi walikuwa timu ya kuongezea wenzao mabao. Kisha mwaka 2014 akaja kocha Amir Abdou, mzaliwa wa Marseille, akaanza kuwasaka vijana wa Kikomoro waliozagaa kwenye madaraja ya chini ya Ufaransa. Wakenya wanaikumbuka safari ile, maana Harambee Stars walikuwa nao kundi moja, pamoja na Misri na Togo. Nairobi sare, Moroni Kenya akalala 2-1. Tarehe 25 Machi 2021 wakatoka 0-0 na Togo nyumbani, wakafuzu AFCON kwa mara ya kwanza.

Kule kwao mwanamume hahesabiwi mtu mzima mpaka afanye ada, ile harusi kubwa ya kulisha mji mzima. Unaweza kuwa na mvi, watoto na duka, lakini kama hujafanya ada, barazani unakaa na vijana na neno lako halina uzito. Mjomba alilipokea lile la Togo kwa maneno hayohayo: "Nchi imefanya ada." Akanunua halua, akagawa mtaa mzima, wengine wakila bila kujua wanakula ya nini.

(Timu inaitwa jina la gombesa, yule samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 1952 wa pili alivuliwa Nzwani na dunia nzima ikapigwa na butwaa, isipokuwa wavuvi wa Nzwani, waliomjua siku zote na hata hawakumpenda kwa kula. Na Tanga anapatikana vilevile. Nimeona niyaseme kabla watu wa Tanga hawajaniandikia.)

AFCON ile ilichezwa Kameruni Januari 2022. Nilikuwa nikiangalia kwa Mjomba, Kikwajuni, na mambo mawili ya hapo sitayasahau.

La kwanza ni usiku wa Ghana, Garoua, tarehe 18. Tulishafungwa 1-0 na Gabon, 2-0 na Morocco, na bao hata la kuotea hatuna. Ghana, mabingwa mara nne. Dakika ya nne El Fardou Ben Nabouhane akafunga. Bao la kwanza la Komoro katika historia yote ya AFCON, na aliyelifunga kazaliwa Maore, kisiwa kile chenye bendera ya wengine. Mjomba hakushangilia. Alisimama tu, mkono mdomoni, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa usiku. Kisha André Ayew kadi nyekundu, Ahmed Mogni bao la pili, Ghana wakarudisha moja, wakarudisha la pili, 2-2, na mimi nikaenda jikoni kwa sababu tabia ya timu ndogo naijua: inakupa matumaini ili ikuuwe vizuri. Nikiwa jikoni nikasikia kishindo. Dakika ya 85, Mogni tena. Mchezaji wa Annecy, daraja la tatu Ufaransa! Ghana wakaenda nyumbani wakishika mkia wa kundi. Sisi tukapita na pointi tatu, katika nafasi za washindi wa tatu bora.

Nimeandika "sisi" na sikuona mpaka nimemaliza aya. Naiacha.

Usiku ule kipa Salim Ben Boina alitoka ameumia, na hapo ndipo linapoanza la pili.

Jumatatu tarehe 24 tunacheza na wenyeji, Kameruni, uwanja wa Olembé, Yaoundé. Mchana Mjomba kanipigia simu, sauti ya chini.

"Kipa hakuna."

"Hakuna vipi, Mjomba? Si wapo watatu?"

"Ben Boina kaumia, Ousseini hawezi kucheza, Ali Ahamada kashikwa na korona. Na kocha naye korona. Wamefungiwa vyumbani."

Ilikuwa kweli. Kambi nzima watu kumi na wawili walikutwa na virusi. Baadaye Ahamada akapimwa tena, akaonekana hana, lakini CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakasema siku za kujitenga hazijatimia, hachezi. Kwa hiyo timu ikaenda kwenye mechi kubwa kuliko zote ilizowahi kucheza bila kipa hata mmoja.

Tulipowasha televisheni tukaona jezi ya kipa, na mgongoni namba 3 imebandikwa kwa utepe. Chaker Alhadhur, beki wa kushoto wa Ajaccio. Jezi ya kipa yenye namba yake haikuwapo, nani angeichapisha? Wakachukua iliyopo wakabandika utepe kama watoto wa mtaani siku ya fainali ya Idi.

Mjomba naye alicheza beki wa kushoto, ligi za mitaani, miaka ya 1980. Akatikisa kichwa. "Beki wa kushoto ndiye anayetumwa popote," akasema. "Mkikosa kiungo, aende yeye. Maji yamekwisha, akalete yeye."

Dakika ya saba nahodha Nadjim Abdou akaonyeshwa nyekundu. Watu kumi, kipa si kipa, ugenini, na uwanja unanguruma. Mtoto wa dada yangu akauliza kama tunaweza kuangalia katuni. Hakuna aliyemjibu.

Toko Ekambi akafunga dakika ya 29 na nikajitayarisha kwa mabao saba. Hayakuja. Alhadhur aliruka vibaya, kwa mikono ya mtu anayekamata kuku, lakini aliruka. Kuna pahala kipindi cha pili aliokoa, mpira ukarudi, akaokoa tena, akainuka akiwakaripia mabeki kama kipa wa miaka kumi. Aboubakar akaongeza la pili dakika ya 70. Basi, nikasema, imekwisha kwa heshima. Dakika ya 81 Youssouf M'Changama akaweka mpira chini kwa ajili ya mpira wa adhabu, mbali mno, mbali kiasi kwamba Mjomba alisema "asipige, amtafute mtu". Akapiga. Mpira ukaenda juu ukakaa wavuni. 2-1.

Hapo kwa dakika tisa tuliamini. Dakika tisa na nyongeza. Mimi ni mtu mzima, nina mkopo wa benki, na niliamini kuwa watu kumi na beki golini wataisawazishia Kameruni kwao.

Filimbi ikalia. Kisha taarifa zikaanza kuingia kwenye simu: nje ya lango la Olembé, kabla ya mechi, watu walikanyagana, wanane wakafa. Sisi tulikuwa tunapiga makelele na wale walikuwa wameshalala chini. Mjomba akaizima televisheni, akasoma Fatiha, tukaagana bila ya kuzungumza mpira. Kila nikiona picha za ile jezi ya utepe mitandaoni, na watu wanazipenda kweli, yananijia yote mawili kwa pamoja.

Sasa lile linalonisumbua, ambalo kwa sauti sijawahi kumwambia mtu. Nikiwashangilia Komoro, nusu yake ni wivu.

Sisi Zanzibar tuko karibu milioni mbili, zaidi ya mara mbili yao. Tuna ligi yetu, tuna timu yetu ya Zanzibar Heroes, kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, tulishawahi kulibeba mwaka 1995. Machi 2017 CAF wakatupokea, mwanachama wa 55, na mji ukalipuka. Nakumbuka watu wazima wakipanga safari za kwenda kuangalia mechi za kufuzu. Tukakaa miezi minne. Julai 2017 CAF wakakutana Rabat, wakasema nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili, wakatufuta. Na siku hizohizo, mji huohuo, wakapitisha AFCON iwe ya timu 24. Mlango mpana ambao Komoro wameupita ndio huo, na sisi tuliambiwa tubaki nje wakati mafundi wanaupanua. Desemba ya mwaka ule Heroes wakafika fainali ya CECAFA Kenya, wakafungwa kwa penalti, wakapokewa hapa kama mabingwa. Hasira ile ilikuwa na pa kutokea.

Jana walipoanza kupiga nyimbo za taifa pale Rabat, nilifikiri hayo. Sikumwambia Mjomba. Yeye alikuwa na ugomvi wake mwengine, ule wa kila mara, kwamba hawa si Wangazija bali watoto wa Marseille. "Waulize njia ya kwenda Domoni, watakuuliza Domoni ni mtaa gani." Ben Boina Marseille, M'Changama Marseille, Alhadhur Nantes. Kocha aliyewaongoza jana, Stefano Cusin, Mtaliani kabisa. Na bado Mjomba huyohuyo Oktoba mwaka jana, Rafiki Saïd alipowafunga Tunisia kwao, 1-0, alinipigia akilia.

Nikamwambia jana: "Mjomba, na wewe unaijua njia ya kwenda Domoni?"

Kanyamaza. Kisha: "Domoni ni Nzwani. Sisi ni wa Ngazija." Hilo halikuwa jibu.

Mechi yenyewe nitaipita haraka. Mapumziko 0-0, Brahim Díaz akafunga la kwanza, halafu Ayoub El Kaabi akapiga tikitaka, bao la kuwekwa kwenye fremu, na ukifungwa bao kama lile huna wa kumlaumu. Pandor na penalti yake ndicho tulichorudi nacho. Mjomba alilala kwenye kiti kabla filimbi ya mwisho, umri umemfika. Nilimfunika shuka, nikatoa sahani, na nilipokuwa nafunga mlango akaniita.

"Zambia lini?"

"Ijumaa, Mjomba."

"Makipa wote wazima?"

Nikamwambia wote wazima. Akageukia ukutani.