Pete ya mnana

Mvua zimeanza, na minazi imejaa kelele za mnana, ndege wasukao viota vya kuning'inia. Yule mwenye kichwa cheusi na mgongo wa njano uliotapakaa madoa meusi ni dume, na fundi ni yeye. Jike huja baadaye kukagua.

Wengi husifu kiota kilichokamilika. Kwangu mimi, uhodari wote umo kwenye pete ya mwanzo, duara la nyuzi ambalo kiota husukwa kuanzia hapo.

Dume huchagua kijiti chembamba kinachoning'inia, akakwanyua majani ya karibu. Kisha hutafuta nyuzi. Hutua kwenye ukuti, hung'ata ukingo wa jani mpaka liingie pengo, halafu huruka akiwa amelibana mdomoni. Jani huchanika kufuata mishipa yake, ukapatikana uzi mrefu. Ncha moja huikanyaga kwenye kijiti, nyingine huizungusha kwa mdomo, huirudisha upande wa pili na kuipenyeza chini ya zilizotangulia, akiitikisatikisa hadi ipite. Nyuzi zikiongezeka, pete husimama wima naye yumo ndani yake.

Tangu hapo hageuki. Husimama kwenye ukingo wa chini wa pete, uso upande uleule, akisuka mbele hadi mdomo unapokomea: hicho ni chumba cha mayai. Kisha hujipinda kinyumenyume, akasuka juu ya kichwa chake ukumbi wenye mlango unaotazama chini. Kipimo chake ni mwili wake mwenyewe, na hili hunistaajabisha kila msimu. Ukingo ule wa pete hubaki kuwa kizingiti, mayai yasibingirike nje upepo unapokitikisa kiota.

Kazi huharibikia zaidi kwenye majani. Bichi hupindika bila kukatika, kavu huvunjika. Madume wachanga huleta vipande vifupi na kuacha ncha zikielea, pete ikafumuka kabla ya kuwa pete. Usukaji huu una kipaji cha kuzaliwa, lakini bila mazoezi haukai.

Kiota kikiwa tayari, dume huning'inia mlangoni kichwa chini akipiga mbawa. Jike huingia, huvutavuta nyuzi. Akiridhika hutandika mashuke laini ya nyasi na manyoya, hutaga mayai mawili au matatu, huyaatamia siku 12 hivi. Kiota kikigeuka kahawia kabla hakijapata jike, hakitakiwi tena. Dume hukifumua akaanza kingine palepale. Kwa hiyo mabaki yaliyozagaa chini ya mnazi usiyahesabu yote kuwa kazi ya upepo. Mengi kayatupa mwenyewe.