Game Boy yangu imepata kasha jipya

Hatimaye! Kasha la zamani la mashine hii ya gemu ya mkononi lilishageuka manjano na kupasuka pembeni pa betri. Hapa Lamu hewa ya chumvi haina huruma na chuma: vibati vya betri vilikuwa vimeota ukungu wa kijani. Nimevisugua kwa siki, nikamalizia na spiriti, sasa vinang'aa.

Ukitaka kujaribu, tafuta bisibisi kwanza. Skrubu za nje zina mabawa matatu, si nyota ya kawaida, na ukilazimisha vichwa vinalika. Mimi niliazimwa na fundi wa simu wa Langoni, Mungu ambariki. Kisha fungua taratibu, maana nusu ya mbele na ya nyuma zimeunganishwa kwa utepe mwembamba wa nyaya. Uchomoe polepole, usiuvute.

Sasa nataka kuitengenezea gemu yangu mwenyewe, mashindano ya majahazi, na lugha ya kuiandikia programu imenifikirisha sana. Python naipenda lakini haingii humo: mashine ni ya mwaka 1989, ina kilobaiti 8 tu za memori ya kazi. Asembli, lugha iliyo karibu kabisa na mashine yenyewe, ndiyo yenye kasi, ila kila kitu kidogo unakiandika mwenyewe. Nimeamua lugha ya C, kwa GBDK (zana za kutengenezea gemu za Game Boy), na pale panapohitaji mbio nitatia asembli. Naona ndio uamuzi wa busara kwa mtu anayefanya kazi hii usiku baada ya isha.

Tanga limeshachoreka vizuri. Mawimbi bado. Anayejua kuyachezesha bila kumaliza memori, tafadhali aniandikie.