Nilivyowafanya waendeshaji wazime injini kwenye mashamba ya chumvi, Gongoni

Kwa miaka kadhaa nimesimamia mitambo ya dizeli katika mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, na kwa muda mrefu niliamini kwamba waendeshaji huacha injini zikinguruma bila kazi kwa uzembe tu. Nilibandika matangazo, nikagomba, nikatishia kukata posho, hakuna kilichobadilika.

Msimu mmoja wa kaskazi, wakati wa kuvuna, niliketi na daftari siku nzima nikiandika kila kipindi ambacho tingatinga la kupakia lilisimama likingoja malori. Mita inayohesabu muda injini inapowaka ilionyesha saa 10, ilhali kazi halisi haikufika saa 6. Injini ya ukubwa ule ikinguruma bila mzigo hunywa lita 3 hadi 4 kwa saa, na hasara haiishii hapo: silinda hupoa, dizeli haiungui yote, masizi huganda kwenye vali, na dizeli isiyoungua huteremka hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi. Tena mita haitenganishi saa ya kazi na saa ya kungoja, kwa hiyo huduma ya kila saa 250 tulikuwa tukiilipia mapema.

Jioni nilimuuliza mwendeshaji mkongwe kuliko wote kwa nini hazimi. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, nikilizima hapa katikati ya mabwawa likakataa kuwaka, nani atakuja kulitoa?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake tulifungua sanduku la betri pamoja na fundi wa umeme, tukakuta vichwa vya betri vimefunikwa na unga mweupe na wa kijani, na waya wa ethi, ule unaounganisha betri na bodi ya mtambo, umeliwa na chumvi hata nyuzi zake zikakatikia mkononi mwangu. Betri zenyewe, mbili zilizounganishwa kutoa volti 24, zilikuwa nzima, lakini stata, yaani mota ya kuwashia injini, ilipozunguka, zaidi ya volti 2 zilipotelea kwenye waya huo peke yake, na fundi makini huutilia shaka waya unaopoteza hata nusu volti. Tuliosha vichwa kwa maji ya moto yenye magadi, tukaweka waya mpya, tukapaka grisi. Kwa wiki nzima nilisimama kando ya mzee yule akizima na kuwasha, mpaka moyo wake ukatulia.

Hapo ndipo nilipoweka utaratibu: lori lisipoonekana kwenye tuta, injini izimwe. Baada ya kazi nzito, hata hivyo, iachwe kwanza dakika 3 hadi 5, kwa sababu turbo, kifaa kinachozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya injini, huwa bado ni ya moto sana, na oili iliyokwama ndani yake huungua na kuwa makaa. Tulijenga pia kibanda cha makuti penye kungojea, maana hakuna atakayezima kipoza hewa ili akae juani.

Jambo lililonisukuma zaidi ni wakwanguaji chumvi, wanaofanya kazi hatua chache kutoka bomba la moshi. Tangu 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wanauhesabu moshi wa dizeli kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu.

Malori ya kukodi bado yananguruma kwenye foleni. Madereva wake wana hofu ileile ya mzee, kwa hiyo siku hizi fundi wetu husafisha betri za lori moja kila jioni, bila malipo.